Onja, Zungusha, Tema

Mwenye binti asogee hapa karibu. Asiye na binti asome tu apate kucheka, maana hata mimi nilicheka siku hiyo, na kucheka ndiko kulikoniponza.

Kwa aliyechelewa kuanza kunisoma: mimi ni Efrazia, mjane, mkulima wa Nangwa, darasa la saba. Marehemu mume wangu aliitwa Bura. Jina hilo kwa Kiiraqw ni pombe, naye alilitendea haki mpaka likamzika. Kwa hiyo alipotokea mtu wa kumposa Judica, binti yangu wa pekee, sikuuliza habari za shamba wala ng'ombe. Niliuliza neno moja tu. Anakunywa?

Hermani wa Gendabi hanywi. Hanywi bia, hanywi mbege, hata soda nyeusi hanywi, anasema inachangamsha. Ana trekta, ana adabu, na akicheka hafungui mdomo. Nikasema Mungu amenijibu.

Judica alisemaje? Alisema, "Sawa, Mama." Nami nikaisikia ile sawa, sikuisikiliza.

Halafu, kama nilivyowasimulia, asali ikatugomea. Mwaka huu nyuki wamehama sijui wapi. Bila asali hakuna pombe ya asali, na bila pombe ya asali shemeji yangu Mzee Margwe, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, hana cha kuwabarikia watoto siku ya posa. Ndipo Judica, anayeuza vinywaji katika duka moja huko Arusha, akanipigia simu kwa sauti ya kubembeleza.

"Mama, kwani lazima iwe asali? Kuna waini za Ureno hapa dukani. Nzuri, na chupa haizidi bei ya jogoo. Nitakuja na mtaalamu muonje, mchague wenyewe."

Nikakubali. Nilikuwa na homa ya posa, mtanisamehe.

Basi Jumapili baada ya misa gari likaingia uani. Akashuka Judica, na nyuma yake kijana mwenye tai, kabeba maboksi mawili kama anabeba mayai.

"Shikamoo, Mama. Naitwa Wolfgang."

"Marahaba, mwanangu. Wolfgang wa wapi?"

"Baba ni wa Tlawi, ila mimi nimekulia Arusha."

Jirani yangu Justina, aliyekuwa ameshakaa kwenye kiti cha mbele kama mgeni rasmi, akadakia. "Ndiyo wewe uliyepelekwa Ureno kujifunza kunywa?"

"Kuonja, mama. Si kunywa."

"Tofauti yake nini?"

"Nitawaonyesha. Ila Ureno walinichekesha. Kule uwanja wa ndege walitumwa kumpokea Wolfgang, wakawa wanatafuta Mjerumani. Nimesimama mbele yao na begi langu, wananipita tu."

Justina alicheka mpaka kitenge kikalegea. Mimi nikauma midomo. Nilishajiapia kwamba kijana wa pombe hatanichekesha ndani ya nyumba ya Bura.

Judica akapanga glasi tulizokodi kwa Mwantumu wa Katesh, yule mwenye vyombo vya sherehe. Wolfgang akafungua chupa ya kwanza. Ndani mwake ilikuwa nyeupe, inaelekea ukijani, na vipovu vidogo vinapanda pembeni ya glasi.

"Hii wanaiita vinho verde. Verde maana yake kijani."

"Mbichi!" Justina akapiga paja. "Si mnaona inachemka? Hii imetolewa chunguni kabla ya siku yake!"

"Si mbichi, mama. Ndivyo ilivyo. Wanainywa changa, ingali na uchangamfu."

Niliposikia uchangamfu nikamkumbuka Hermani. Nikarudisha glasi mezani.

"Mama," Judica akasema, "usipoonja utajuaje kama inafaa kwa Baba mkubwa?"

Hoja hiyo. Mama gani anampa mzee wa ukoo kitu asichokijua? Nikasema nitalowesha midomo tu, kwa usalama wa watu.

Nikalowesha midomo.

Jamani.

Mnaijua ndimu iliyokatwa sasa hivi? Mnalijua tufaha bichi ukilitafuna, lile linalokufumbisha jicho moja? Ilikuwa hivyo, halafu baridi, halafu vile vipovu vikaanza kunitekenya ulimi kama mtoto anayetaka kubebwa. Nilimeza. Nikaonja tena nihakikishe. Justina alikuwa ameshahakikisha, glasi yake tupu.

"Na hii," Wolfgang akasema, "ukipata na samaki ndiyo utaijua."

Nilikuwa na perege wa Basotu, wamekaangwa. Nikaleta. Tukala, tukaonja. Sitawadanganya, yule samaki alirudi ziwani, akaogelea.

"Bei ya jogoo?" nikauliza.

"Jogoo mdogo, Mama."

"Sasa kwa nini rahisi hivyo? Ya wizi?"

Wolfgang akatabasamu. "Wanunuzi wanaogopa majina. Zabibu za Wareno zina majina magumu. Mtu anafika dukani, anashindwa kutamka, anaona aibu kuuliza, anachukua ya jirani yenye jina jepesi na bei kubwa. Kwa hiyo nzuri zinabaki rafuni kwa bei ya kawaida."

"Majina magumu?" Justina akajivuta mbele. "Sisi tunaotamka Tlawi? Wageni wote wanasema Tilawi, Kilawi, ulimi unawapinda. Lete hilo jina."

"Touriga."

"Turiga. Ndiyo hilo tu? Lete jingine."

"Alentejo. Huo ni mkoa wao."

"Alentejo. Mama Judica, huyu anatuchezea. Alentejo si kama mtu wa Dongobesh!"

Hapo nilicheka. Nasema ukweli wangu mbele yenu, nilicheka kwa sauti, na kile kicheko kikafungua mlango ambao nilikuwa nimeufunga tangu tulipomzika Bura.

Chupa ya pili ilikuwa nyekundu, nzito, ya huko huko Alentejo. Wolfgang akasema, "Hii ni kavu."

Nikaitazama glasi. "Mwanangu, kitu cha maji kinakuwaje kikavu?"

"Maana yake haina sukari. Sukari yote imegeuka. Ukiimeza utaona mdomo unakauka."

Nikaonja. Ikanikausha kama nimekula zambarau, ulimi ukashika kwenye meno. Nikajua imechacha. Nikanyanyuka kimyakimya, nikaenda jikoni, nikarudi na kopo la sukari, nikamtilia kijiko kimoja Justina na kimoja mimi, tunakoroga.

Wolfgang alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa na ng'ombe. "Mama! Hapana! Mama, tafadhali!"

"Nakusaidia, mwanangu. Imekuharibikia njiani."

"Haijaharibika! Kula nyama kwanza. Yenye mafuta. Halafu onja isiyo na sukari."

Nikachukua ubavu wa mbuzi, nikatafuna. Nikaonja. Jamani, ule ukavu ukakutana na yale mafuta vikapatana kama mashemeji. Ikabaki harufu tu, ile ya vumbi la Nangwa mvua ya kwanza inapoligusa. Nikaitazama glasi. Nikamwaga ile yenye sukari kwenye maua, na maua yanisamehe.

Sasa sikilizeni vizuri, maana kitanzi kinaanza hapa.

Wolfgang alikuwa na ndoo ndogo miguuni. Kila akionja, anazungusha mdomoni, halafu anainama, anatema ndooni. Mimi nilidhani ana jino bovu. Justina hakuvumilia.

"We kijana, unatema kitu kizuri hivyo? Umelelewa na nani?"

"Ndiyo kuonja kwenyewe, mama. Onja, zungusha, tema. Nikimeza zote nitaendeshaje gari?"

"Mimi sikulelewa kutema chakula," Justina akasema, akameza kwa heshima.

Nikamweleza yule kijana kwa upole. Kwetu kinywaji kikishaingia mdomoni mwa mzee kinatoka kwa sababu moja tu, nayo ni baraka. Mzee anachukua funda, anawasimamisha wawili mlangoni, anawapulizia, anasema maneno. Aliyepuliziwa hajifuti. Ukijifuta umekataa. Ukiacha ikauke, umekubali, na hakuna padri wala mwenyekiti wa kijiji atakayekuuliza tena. Mimi na Bura tulipuliziwa pombe ya asali kwenye mlango huu huu. Nzi walinifuata hadi jioni, na sikuinua mkono.

"Aisee," Wolfgang akasema. "Hilo baba hakunifundisha."

Judica alikuwa anafuta glasi. Aliifuta ile glasi moja mpaka nikadhani itatoboka.

Mlio wa fimbo ukasikika uani. Mzee Margwe, kaja kukionja kinywaji mwenyewe.

Huyu mzee anaishi Mbulu, na macho yake siku hizi yanaona kivuli zaidi ya mtu. Hermani alikuwa hajawahi kuonana naye, kwa sababu taratibu zote zilipita kwa mshenga. Kuonana kwao kulipangwa kuwe siku ya posa yenyewe.

"Shikamoo, Baba mkubwa," Judica akapiga goti.

"Marahaba, binti yangu. Nasikia mmeleta pombe ya Wareno."

"Waini, Baba mkubwa."

"Hebu nione."

Wolfgang naye akainama, akatoa shikamoo yake vizuri kabisa. Mzee akamshika mkono, akaupima kama mtu anayenunua mpini wa jembe. Kisha akamgeukia Judica.

"Ndiye huyu kijana mwenyewe?"

"Ndiye huyu, Baba mkubwa," Judica akasema.

Mimi nilisikia. Niliyasikia kwa masikio yangu haya mawili. Ila Justina alikuwa ananisimulia jambo la Mreno aliyejiita Margwe, amelitunga palepale, na mimi nilikuwa nacheka na ubavu wa mbuzi mkononi. Nikajua kijana mwenyewe maana yake kijana wa waini. Mama mwenzangu, tumbo likilewa si neno. Ole wako likilewa sikio.

Mzee akakalishwa. Kitu cha kwanza alichokitaka si glasi, ni kizibo. Akakipapasa, akakinusa.

"Hili ni gome la mti."

"Kweli, Mzee," Wolfgang akasema. "Kuna mti Ureno wanauchuna gome, wanatengeneza vizibo. Mti haufi. Unaota gome jipya, wanarudi tena."

"Haufi?"

"Haufi, Mzee. Unaishi kuliko aliyeuchuna."

Mzee Margwe alikigeuzageuza kile kizibo kiganjani. Huyo ni mtu aliyezika wake wawili na Bura, mdogo wake. Akakitia mfukoni mwa koti, hakuna aliyethubutu kukidai.

Wolfgang akammiminia ile nyekundu. "Mzee, itazame rangi yake kwanza."

"Macho yangu hayafiki huko, mwanangu."

"Twende mlangoni kwenye mwanga, Baba mkubwa," Judica akasema, akamshika mkono.

Kama nilikuwa na akili, ilikuwa imekwenda Ureno. Nilimwona binti yangu anamwongoza mzee mlangoni. Nilimwona Wolfgang anamfuata na chupa. Nilimwona Judica, huyu niliyemzaa, anamwacha mzee ndani, anavuka kizingiti, anasimama nje pembeni ya yule kijana, bega kwa bega. Nami nikasema moyoni, tazama walivyosimama vizuri, kama picha ya kalenda. Nikaongeza glasi.

"Sasa, Mzee," Wolfgang akafundisha, "chukua funda. Usimeze. Zungusha mdomoni, pole pole. Vizuri. Vizuri sana. Sasa, Mzee, tema."

Mzee alitulia. Shavu limejaa. Akamtazama kijana, akamtazama binti, akautazama mlango. Nikamwona anavua kofia.

Anavua kofia kwa nini, nikajiuliza.

PUUU!

Ilitoka kama ukungu wa Hanang asubuhi. Nyembamba, nyekundu, imewafunika wote wawili kuanzia kwenye paji la uso mpaka kwenye tai. Na mzee kanyoosha mikono juu yao.

"Muwe kama mti wa Wareno! Mchunwe, muote tena! Msife kabla ya waliowachuna! Nyumba yenu iwe na watoto na wageni!"

"Amina!" Justina akaitikia, na kabla sijamziba mdomo akapiga kigelegele. Aliniambia baadaye kilitoka chenyewe, kwamba mwanamke akiona mzee anapulizia watu mlangoni ulimi haungoji kuambiwa.

Nami je? Niseme? Niliitikia. Kigelegele changu kilikuwa kirefu kuliko chake. Kilifika katikati ndipo akili ikarudi kutoka Ureno, nikakimeza kilichobaki.

"Shemeji!" nikapiga kelele. "Umefanya nini?"

"Si mmeniambia niteme?"

"Kwenye ndoo, shemeji! Kuna ndoo!"

Mzee Margwe akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa. "Mama Judica. Tangu lini baraka inatemwa kwenye ndoo?"

"Huyo si Hermani! Huyo ni muuzaji!"

"Nimeuliza, ndiye kijana mwenyewe? Binti akasema ndiye."

"Ifute! Irudishe!"

"Irudi wapi?" mzee akauliza, akavaa kofia yake. "Ipo usoni mwao. Mimi yangu imeisha. Ila ni kinywaji kizuri, kinapuliza vizuri kuliko asali. Hakishiki meno."

Hapo ndipo niliposikia mlio ambao moyo wangu uliufahamu kabla ya masikio. Trekta.

Hermani akaingia uani, mbio mbio, shati jeupe, dumu dogo la njano mkononi. Anacheka, na safari hii, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, kafungua mdomo. Ana meno mazuri, yule kijana. Sikuwa nimejua.

"Mama! Shikamoo, Mama! Asali imepatikana! Jirani yetu Gidabuday kule Gendabi alikuwa na mzinga porini, nimekwenda naye tangu alfajiri, tazama nilivyoumwa!" Akanionyesha mikono, imevimba kama mihogo. "Hakuna haja ya waini tena!"

Kisha akaona.

Akamwona mzee mlangoni. Akamwona Judica, nywele zinachuruzika waini. Akamwona mtu wa tai pembeni yake, naye anachuruzika. Hermani ni mtoto wa huku huku. Hakuhitaji kuelezwa.

Dumu akaliweka chini taratibu, asije akaimwaga asali. Hilo ndilo lililoniuma.

"Hermani, mwanangu," nikasema, "ni makosa. Ni kuonja tu. Walikuwa wanaonja."

"Naona, Mama."

"Judica! Jifute!"

Wolfgang alikuwa wa kwanza kuelewa uzito. Uso ulimbadilika chini ya ule wekundu. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa leso nyeupe, imepigwa pasi. Akaiinua kama anataka kujifuta, mkono ukasimama hewani. Akamtazama Judica. Akampa yeye.

"Wewe kwanza," akasema kwa sauti ndogo. "Utakachofanya wewe ndicho nitakachofanya mimi."

Jua lilikuwa kali, ule mwanga wa saa kumi unaokausha mahindi kwa muda mfupi, na nikaona kwa macho yangu matone yaliyokuwa kwenye paji la uso wa mwanangu yanaanza kupungua.

"Jifute, Judica!" nikasema. "Inakauka! Jifute, mama yangu, nakuomba, mbele ya huyu kijana aliyeumwa na nyuki kwa ajili yako!"

Judica akaishika leso. Akamtazama Hermani, akamtazama kwa heshima, kwa muda mrefu. Akanitazama mimi. Kisha akaikunja ile leso mara mbili, akaipenyeza chini ya mkanda wa saa yake, na akaigeuza sura yake upande wa jua.

"Mama," akasema, "niache nikauke."